Walifika Wakiwa Wamepanga Mstari

Kila mtu ana maelezo yake ya Lord of the Flies, hata yule ambaye hajawahi kukifungua. Ondoa watu wazima, watoto watageuka wanyama. Basi. Hata mimi nilikuwa na maelezo hayo miaka mingi kabla sijakinunua kwa inama, pale jijini vitabu vinapotandazwa chini na mteja anainama kuchagua. Shilingi mia, jalada limeshikiliwa na selotepu. Nilimaliza zaidi ya nusu kwa siku mbili, halafu nikakifunga na kukiweka juu ya kabati karibu mwezi mzima. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza wacha nibishane na hayo maelezo, kwa sababu nadhani si ya kweli, na nadhani tunayapenda kwa sababu mbaya.

Kwa asiyekisoma: kuna vita mahali fulani duniani, ndege iliyobeba wavulana wa Kiingereza inashambuliwa, na wanajikuta kwenye kisiwa cha joto bila mtu mzima hata mmoja. Ralph anaokota kombe kubwa la bahari, analipuliza kama baragumu, na wenzake wanaanza kutoka msituni. Wengi wanatokea jinsi ungetarajia watoto watokee: huyu nusu uchi, yule ameshika nguo mkononi, mapacha wanahema. Halafu kwa mbali kwenye mchanga kunaonekana kitu cheusi kinatambaa. Kikikaribia, unaona ni wavulana waliojipanga wawili wawili, wamevaa majoho meusi yenye msalaba kifuani na kofia nyeusi za mraba. Kwenye jua lile! Ni kwaya ya shule. Mbele yao yuko Jack Merridew, anayewapa amri ya kusimama na wanasimama, wakiyumba. Mmoja wao, Simon, anazimia kwa joto. Jack hashtuki. Anasema huyo ni kawaida yake kuzimia, na anataja mahali ambapo ameshazimia, Addis ikiwemo. (Kwa hivyo ndege yao ilipitia upande wetu wa dunia. Hilo sijawahi kuliona kwenye mwongozo wowote.)

Hapo ni mwanzoni kabisa. Hakuna njaa, hakuna zimwi, hakuna aliyekufa mbele ya macho yao. Na tayari kuna mtoto anayetoa amri, kuna wengine wanaotii hadi wanaanguka, na kuna anayeanguka akichekwa. William Golding hakuhitaji kisiwa kuwafanya hivyo. Walishuka nayo kutoka shuleni, pamoja na kofia.

Kisha wanapiga kura. Jack anasema yeye ndiye anafaa, kwa kuwa ni kiongozi wa kwaya na kiranja, na anaweza kuimba noti ya juu. Unacheka. Lakini sikiliza sababu za wale wengine: wanamchagua Ralph kwa kuwa ana mwili, ana sura nzuri, na ndiye ameshika lile kombe. Mwenye akili pale ni Piggy, ila Piggy ni mnene, ana pumu, anavaa miwani, na Kiingereza chake kinaonyesha kwao hawana pesa. Hakuna hata anayemfikiria. Kwaya wanampa Jack kura zao, bila raha, kama watu wanaofuata kengele.

Halafu Ralph anafanya kosa ambalo nadhani ndilo linawaua watu baadaye. Anaona uso wa Jack umeiva kwa aibu, anamwonea huruma, anamwambia kwaya ni yake bila shaka. Wawe chochote anachotaka. Jack anasema watakuwa wawindaji. Sisi Wakenya tuna jina la mpango kama huo, tulilipata 2008: nusu mkate. Aliyeshindwa haendi nyumbani, anakatiwa kipande. Sisemi ya 2008 ilikuwa makosa. Watu walikuwa wanakufa, na mazungumzo aliyoyasimamia Kofi Annan yalisaidia kusimamisha mauaji. Lakini kisiwani hakuna aliyekuwa amekufa bado. Ralph alimpa mpinzani wake kikosi chenye mikuki siku ya kwanza kabisa, na alifanya hivyo kwa sababu alitaka kupendwa na kila mtu. Viongozi wa aina hiyo ni watu wazuri. Nimekuwa na marafiki wa aina hiyo. Ukishambuliwa mbele yao, wanasikitika kwa dhati.

Kuhusu kombe, miwani na kichwa cha nguruwe sitasema mengi, walimu wameshavimaliza. Ila hili moja: Piggy haoni mbali, na miwani ya mtu asiyeona mbali hutawanya mwanga, haiukusanyi. Isingewasha moto hata kidogo. Golding alikosea fizikia, na hilo limenifurahisha kuliko inavyostahili.

Kinachonishughulisha zaidi ni hofu, na jinsi wale wakubwa wawili walivyoishika. Watoto wadogo wanaanza kulia usiku. Wanasema kuna zimwi. Ralph anaitisha mkutano na, kusema kweli, anajitahidi: amekuja na mambo yake yamepangwa kichwani. Maji yajazwe kwenye vifuu. Vibanda vijengwe. Msala uwe kule kwenye miamba. Moto usizimike. Hofu ameiweka mwisho kabisa, kama yale mambo mengineyo ya kwenye vikao vya chama, na wakati wanaifikia giza limeshaingia. Mwenyewe anakiri baadaye kuwa mkutano aliuitisha kwa kuchelewa. Halafu, na hapa ndipo nilitaka kumpiga kofi, anaitisha kura kuhusu kama mizimu ipo. Gizani! Haoni mikono vizuri, lakini ni mingi.

Yaani amewauliza watoto wanaotetemeka wainue mkono kama wanatetemeka, na sasa ni uamuzi wa kikao.

Jack anafanya kitu tofauti. Hatosheki kuwaambia tu kwamba zimwi halipo. Siku moja anasema kama lipo tutaliwinda, siku nyingine anawaita waoga, na mwishowe anaanza kuliachia kichwa cha mnyama kwenye mti uliochongwa, liridhike. Hofu ya kila mtu inapata kazi ya kufanya. Kuna rangi ya kupaka usoni, kuna mkuki wa kushika, kuna ngoma ya kucheza ukiwa katikati ya wenzako, bega kwa bega. Ukiwa na miaka kumi na unaogopa giza, nani atakufaa zaidi: yule anayekwambia jambo lako tutalipigia kura, ama yule anayekwambia kaa hapa, shika hii? Mimi ningeenda kwa Jack. Wasomaji wengi wa kitabu hiki hujiweka upande wa Ralph, na ningependa kujua wamejipima na nini.

Na tazama jinsi wanavyoenda. Jack anapoitisha kura ya wazi ya kumng'oa Ralph, hakuna mkono hata mmoja unaoinuka. Anaondoka analia. Ni mtoto, unakumbuka ghafla, ni mtoto analia kwa aibu mbele ya wenzake. Lakini baadaye, mkutano ukishavunjika na hakuna anayetazama, wakubwa wanateleza kwenda kwake mmoja mmoja. Mbele za watu waliona haya kumchagua.

Akishapata kabila lake, Jack hana fujo. Watu husema kisiwa kinaishia kwenye machafuko, lakini angalia pale kwenye ngome ya miamba: kuna zamu ya ulinzi, kuna anayeulizwa ajitambulishe kabla hajapita, kuna mkubwa ambaye anaketi na wengine wanasimama. Kuna hata adhabu. Mvulana mmoja, Wilfred, amefungwa kwa saa nyingi akisubiri kuchapwa, na wenzake wanaozungumza habari zake hawajui kosa lake ni nini. Hawajui na hawashangai sana. Roger, ambaye zamani alikuwa akimrushia mtoto mawe huku akihakikisha yanaanguka kando, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado unakumbuka wazazi na polisi, anasikia habari hiyo na unamwona kabisa akipiga hesabu: kumbe inawezekana. Hayo si machafuko. Ni utawala ambao umeacha kutoa sababu, na nadhani sote tumewahi kuishi chini ya mmoja, hata kama ulikuwa wa bweni tu.

Ndiyo maana yale maelezo ya watoto kugeuka wanyama yananikera. Yanafanya ubaya uonekane kitu cha porini, kitu kinachorudi mtu akivua sare. Na lazima niseme Golding mwenyewe ana lawama hapa. Kitabu kilitoka Septemba 1954, baada ya wachapishaji kadhaa kukikataa. Alikuwa mwalimu kwenye shule ya wavulana mjini Salisbury, na alikuwa amepigana katika jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili. Alikuwa akikijibu kitabu cha zamani, The Coral Island cha R. M. Ballantyne, cha 1857, ambamo wavulana watatu wa Kiingereza wanaishi kisiwani kwa adabu na uovu unaletwa na maharamia na wenyeji. Majina Ralph na Jack aliyatoa humo. Alitaka kuwaambia Waingereza: hapana, huo uovu mlifika nao wenyewe. Kwa hilo namvulia kofia.

Lakini ili aseme hivyo alihitaji picha ya uovu, na picha iliyokuwa karibu na mkono wake ilikuwa ni sisi. Watoto wakishapaka udongo usoni, msimulizi anaacha kuwaita wavulana. Anawaita washenzi, ukurasa baada ya ukurasa. Piggy anaposimama kwenye mwamba kuwauliza wachague wawe watu gani, katika toleo la kwanza anatumia lile tusi la watu weusi. Matoleo ya baadaye yalilibadilisha. Nakala yangu ina neno lililobadilishwa, na bado nililisikia la zamani chini yake.

Aprili mwaka huohuo wa 1954, serikali ya wakoloni iliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, ikawakusanya makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Waliopitia msako ule walisimulia kuhusu gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, ambaye watu walipitishwa mbele yake kwenye foleni naye akitikisa kichwa. Kichwa hicho kikitikisika unapelekwa kambini. Golding anaeleza vizuri mno jinsi barakoa ilivyomfungua Jack kutoka kwa aibu. Sidai alikuwa akiifikiria Kenya. Nasema tu kwamba Nairobi, mwaka ule kitabu kilipotoka, aliyewavalisha watu magunia alikuwa na sare, orodha na malori, na hakuwa amesahauliwa kisiwani na mtu yeyote.

Siku hizi mjadala wowote wa kitabu hiki huishia Tonga. Mwaka 1965 wavulana sita waliokuwa wakisoma shule ya bweni walichoshwa, wakachukua mashua ya mvuvi bila ruhusa, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa kisicho na watu cha 'Ata. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, hadi nahodha Mwaustralia, Peter Warner, alipowakuta mwaka 1966. Walikuwa na bustani. Moto wao hawakuuacha uzimike. Mmoja alivunjika mguu na wenzake wakamfunga hadi ukaunga. Wakigombana, waliogombana walitengana hadi hasira ipoe. Waliporudi nyumbani walitiwa ndani kwa kuiba mashua, jambo ambalo ni la kuchekesha na pia sivyo. Mholanzi Rutger Bregman aliifufua hadithi hiyo kwenye kitabu chake Humankind, na sasa inatumika kama fimbo ya kumchapa Golding: unaona, watoto halisi hawakuuana.

Ni hadithi nzuri na naipenda. Ila wale walikuwa sita, marafiki, waliochaguana kabla ya kuingia mashuani. Hakuna aliyekuwa na kwaya. Tena walikuwa wanaitoroka shule ya bweni, wakati wale wa Golding waliibeba hadi ufukweni.

Sasa niseme kwa nini niliweka kitabu juu ya kabati.

Sura ya tisa, kuna karamu kwa Jack. Nyama inachomwa. Ralph na Piggy wanaenda pia, kwa kuwa wana njaa, na wanakula. Mvua inakaribia, radi inapiga, watoto wanaogopa, na Jack anaitisha ngoma. Ralph na Piggy wanaingia kwenye ule mkusanyiko wao wenyewe. Wanafurahi kuwa karibu na watu. Hapo Simon anatoka msituni akitambaa. Amepanda mlimani, ameliona zimwi, ni maiti ya askari wa anga aliyening'inia kwenye parachuti yake. Amekuja kuwaambia hakuna cha kuogopa. Anajaribu kusema, na wanamuua kwa mikono na meno.

Asubuhi yake, Ralph anasema jina la kile walichofanya. Piggy anakataa: ilikuwa ajali, kulikuwa giza, sisi tulikuwa pembeni. Mapacha wanakuja na michubuko yao, wanasema wao walichoka, waliondoka mapema. Na Ralph na Piggy nao wanasema ndiyo, sisi pia tuliondoka mapema. Wanne, wote walikuwepo, wanaambiana walivyoondoka mapema. Kwa maoni yangu hizo ndizo kurasa bora zaidi za kitabu, na ndizo za kutisha kuliko kichwa cha nguruwe kinachoongea. Kule kwa Jack angalau wana hadithi: zimwi lilikuja limejibadilisha. Watu wema wana usingizi tu.

Nilikuwa kidato cha pili. Muhula huo kulikuwa na uvumi kwamba kuna mtu anatembea kati ya vitanda usiku. Wengine walisema jini, wengine walisema ibada za shetani, mmoja aliapa ameona miguu. Viranja hawakusema ni uongo. Walituambia tusiende msalani peke yetu. Usiku mmoja stima zilipotea, na mono mmoja akaamka kwenda haja, amejifunika shuka kwa sababu ya baridi. Mtu akapiga kelele. Sikumbuki nikiamka. Nakumbuka simenti baridi chini ya nyayo, kiatu mkononi, na kwamba nilikuwa na furaha. Hilo ndilo lililonichukua muda kuliandika. Wiki mbili nilikuwa nimelala nimejikunja, nikibana mkojo hadi asubuhi, na sasa ilikuwa imeisha, lilikuwa limeonekana, lilikuwa hapo chini katikati yetu na sisi tulikuwa wengi. Lile jambo lilikuwa linaongea. Lilikuwa linataja namba ya adimisheni, jinsi tulivyowafundisha mono wote kuitaja kila wakiulizwa wao ni nani.

Mtu alileta tochi.

Asubuhi mwalimu wa zamu aliuliza nani alikuwa macho. Bweni la watu zaidi ya arobaini, na hakuna. Mimi nilisema nilisikia kelele kwa mbali nikadhani naota. Nilisema vizuri, kwa Kiswahili sanifu. Mono alikuwa amevunjika mkono na nadhani mbavu pia. Mamake alikuja mchana, wakabeba godoro wao wawili, yeye kwa mkono mmoja, hadi getini.

Kwa hivyo mtu akiniambia watoto hugeuka wanyama wasiposimamiwa, nakumbuka kwamba sisi tulisimamiwa sana. Tulikuwa na kengele ya kuamka, ya kula, ya kulala. Tulikuwa na kiranja wa bweni ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, na yeye pia hakuwa macho.

Nilipokishusha kitabu nikamalizia, kitu kimoja mwishoni kilinishika. Ofisa wa jeshi la majini amefika, manowari yake inasubiri, ametembea juu ya mchanga na sare nyeupe. Anauliza mkubwa hapa ni nani. Ralph anasema ni yeye. Kuna mvulana mdogo mwenye nywele nyekundu anayepiga hatua mbele kana kwamba atajibu, halafu anabadilisha nia na kusimama tuli. Kichwani bado ana mabaki ya ile kofia nyeusi. Msimulizi hamtaji jina. Sura kumi na mbili, nyama, damu, udongo, moto uliomaliza kisiwa kizima, na Jack hakuivua kofia ya kwaya.

Kabla ya hapo ofisa ameshauliza kama kuna waliokufa. Ralph anasema wawili. Ni Simon na Piggy. Lakini siku ya kwanza kabisa, moto wao wa kwanza ulipotoroka ukala msitu, kulikuwa na mtoto mdogo mwenye baka jekundu usoni, yule wa kwanza kusema kuna zimwi, na baada ya moto hakuonekana tena. Piggy aliuliza yuko wapi. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahesabu wadogo wala kuandika majina yao. Ofisa anauliza mko wangapi na Ralph hajui. Piggy, ambaye ndiye aliyetaka majina yaandikwe tangu siku ya kwanza, amekufa bila sisi kuambiwa jina lake halisi.

Yule mono, namba yake naikumbuka. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha sanduku lake, na nilimsikia akiitaja usiku ule zaidi ya mara moja. Jina nimejaribu kulikumbuka tangu nianze kuandika makala hii, na halijarudi.